"Wangetoka tu": lori la nyama lingepitaje Dover?

Bado wapo wanaoshikilia kwamba Uingereza ilipaswa kuachana na Umoja wa Ulaya usiku wa 29 Machi 2019 bila mkataba wowote. "Wangetoka tu." Wanasema kana kwamba ni kuhama nyumba ya kupanga: rudisha funguo, pakia godoro, nenda. Inaniudhi, kwa sababu hawajibu swali moja dogo: lori la nyama ya kondoo lililopakiwa Wales jioni ile, kesho yake lingeingiaje Ufaransa?

Hadi jioni hiyo, kwa upande wa forodha, lilipita Dover, bandari ya Uingereza inayotazamana na Ufaransa, kama lori la Morogoro linavyoingia Dodoma. Kesho yake Uingereza ingekuwa nchi ya nje, na nyama hubanwa kuliko bidhaa nyingi. Kwanza, Brussels, yaani makao makuu ya Umoja wa Ulaya, iwe imeiorodhesha Uingereza miongoni mwa nchi zinazoruhusiwa kuuza nyama Ulaya, pamoja na machinjio yenyewe. Bila hilo hata ukilipa ushuru mara mbili huingii. Kisha daktari wa mifugo aliyeidhinishwa atie saini cheti cha afya cha shehena hiyo hiyo, si cha mwezi wala cha mwaka. Muuzaji awe na namba ya forodha na tamko la kusafirisha nje. Mnunuzi ajaze lake la kuingiza. Kituo cha ukaguzi kipewe taarifa kabla lori halijafika. Ushuru wa nyama hiyo ungepita asilimia 40 ya thamani yake. Hata paleti za mbao zinahesabika: ziwe zimepashwa joto mpaka kiini cha mbao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha zigongwe muhuri. Ndani ya Umoja paleti hazidaiwi muhuri huo, kwa hiyo nyingi zilizokuwa zikizunguka kati ya Uingereza na Ulaya hazikuwa nao.

Karatasi moja ikikosewa, lori linasimama. Likibeba mizigo ya wauzaji kumi, kosa la mmoja linawakwamisha tisa. Dover hupitisha hadi malori 10,000 kwa siku yenye shughuli nyingi, na bandari yenyewe ilionya kwamba dakika mbili za ziada kwa kila lori zingezaa foleni ya maili 17, karibu kilomita 27. Anayeijua Tunduma au Malaba haelezwi foleni ya malori ni nini, na samaki wabichi wa Uskoti hawawezi kuingoja. Serikali ilifanyaje? Tarehe 7 Januari 2019 ilifanya zoezi la foleni katika uwanja wa ndege wa zamani wa Manston, na yakaja malori 89. Themanini na tisa. Mkataba wa vivuko vya ziada, wa pauni milioni 13.8, ulipewa kampuni isiyo na meli hata moja, ukafutwa Februari. Waliotishia kutoka hawakuwa wamejiandaa kutoka, na upande wa pili wa meza ulikuwa unaona.

Vibali vya barabarani navyo vilikuwa hivyo hivyo. Vya kimataifa vya mwaka mzima kwa malori ya Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa injini) vilikuwa 984, na maombi yalizidi 11,000. Pengo hilo lilizibwa na kanuni ya muda iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya wenyewe, kwa hiari yake. Yaani hata huko kutoka bila mkataba kulitegemea hisani ya yule unayemkimbia.

Wengine hukimbilia kanuni za Shirika la Biashara Duniani, wakidai zingeepusha ushuru hata bila mkataba. Kanuni hizo zinasema nchi ambayo huna nayo mkataba wa biashara ukiiondolea ushuru, uwaondolee na wengine wote. Na kifungu cha 24, kilichotajwa sana mwaka ule, kinataka pande mbili zikubaliane kwanza. Ni mkataba ule ule, umeitwa jina jingine.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tishio lilikuwa na kazi yake. Ulaya ilisema mkataba wa Theresa May, waziri mkuu wa wakati ule, haufunguliwi tena, na Oktoba 2019 ukafunguliwa kwa mrithi wake, Boris Johnson, katika suala la Ireland Kaskazini. Lakini mpaka wa kilomita 500 kati ya Ireland Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, iliyo ndani ya Umoja, wenye njia za kuvuka zaidi ya 200, hakuna tishio lililoweza kuuhamisha.

Wala siwalaumu wapiga kura. Karatasi ya kura ya Juni 2016 iliuliza kubaki au kuondoka. Haikuuliza namna ya kuondoka. Hilo liliachiwa Bunge, na Bunge likaukataa mkataba wa May mara tatu, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202, na katikati ya hizo likakataa pia kutoka bila mkataba. Kila kundi lilijua lisichokitaka.

Kenya iliwahi kuyaonja haya. Oktoba 2014, muda wa makubaliano na Ulaya ulipokwisha mkataba mpya ukiwa haujakamilika, maua yake yalianza kutozwa ushuru, hadi mwishoni mwa Desemba. Tanzania na Uganda hazikuguswa, kwa kuwa zinahesabiwa kati ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kwa hiyo Brexit, huko kutoka kwa Uingereza, ilipofika, Nairobi haikungoja: ilisaini mkataba wake na London mapema Desemba 2020. London na Brussels walikubaliana wao kwa wao tarehe 24 mwezi huo huo, wiki moja kabla ya kwisha kwa kipindi cha mpito, ambamo kanuni za Ulaya zilikuwa bado zinatumika Uingereza. Ushuru wa kondoo wa Wales ukaondoka. Cheti cha daktari wa mifugo kikabaki, shehena kwa shehena.