Mama aliikataa mibuyu ya Zürich

Mama alipokuja kunitembelea kiangazi kilichopita, nilimpeleka Lewa. Sisi ni watu wa Meru, kwa hiyo alidhani namtania. Lakini bustani ya wanyama ya Zürich, Uswisi, ina mbuga yake ndogo iliyofunguliwa mwaka 2020, ikapewa jina la hifadhi yetu ya Lewa kule Meru, Kenya, ambayo bustani hiyo husaidia kuilinda. Twiga, vifaru weupe na punda milia wa Grevy wanazunguka humo pamoja.

Mama aliutazama mbuyu mkubwa kwa muda. "Huu si mti," akasema. Ni kweli, ni wa kutengenezwa. "Halafu Lewa hakuna mibuyu. Ukitaka mbuyu, teremka Tharaka kwenye joto." Kuhusu wale nguchiro wadogo wanaosimama wima, ambao kwao ni Kalahari, nilinyamaza tu.

Hata hivyo nilikuwa na jambo nililotaka alione. Kifaru alikuwa nyuma ya miamba, kaonyesha makalio tu, na watu walipita bila kulalamika. Mnyama kuweza kujificha: hapo ndipo kazi yote ya ukarabati wa bustani hii ilipo, kwa maoni yangu. Bustani hii ilifunguliwa mwaka 1929, na imechukua miongo kadhaa kufika ilipo. Tembo walihamia makao mapya mwaka 2014. Sasa wanaogelea, na chakula chao hufichwa kwenye visanduku vinavyofunguka saa zisizotabirika, ili watembee wakitafuta kama porini. Watunzaji hawaingii tena kukaa kati yao. Kwenye jumba la msitu wa Masoala, lililoiga msitu wa mvua wa Madagaska, lililofunguliwa mwaka 2003, unaweza kuzunguka nusu saa, miwani imejaa mvuke, usione kinyonga hata mmoja. Na umelipa kiingilio, tena si kidogo!

Nyumbani tungedai pesa zetu. Nakumbuka ziara ya shule ya msingi: simba amelala nyuma ya waya, nasi darasa zima tunamngurumia aamke, tunamrushia biskuti, mwalimu anacheka pamoja nasi. Kizimba hakikuwa na kona hata moja ya kujificha. Hatukuona ubaya wowote, maana tulikuja kuona simba, na simba alikuwa pale.

Ndiyo maana huwa naingiwa na wasiwasi nikisikia watu wetu wakizungumzia bustani ya "kisasa", kisha wakataja mikahawa, bembea na mahali pa kupigia picha. Nairobi ina mbuga ya taifa tangu 1946, simba na vifaru wa kweli, majengo ya jiji yakionekana nyuma yao. Mtoto wa Nairobi anahitaji basi la bei nafuu la kumpeleka huko. Mbuyu wa bandia wa nini? Vizimba vibaki kwa wanyama waliojeruhiwa au yatima wasioweza kurudi porini, na hao wapewe kwanza kivuli, vichaka na lango la pili la kutokea wakichoka kutazamwa. Waya ukiwa mbali na wageni hatua kumi, biskuti hazitafika.

Tukiwa kwenye tramu Mama aliniuliza Lewa yenyewe iko vipi. Sikuwa na jibu. Nimekulia mwendo mfupi tu kutoka pale kwa gari, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia. Desemba nikija, tutaenda.