Mkandarasi wa Vita

Kwetu Kigoma mkandarasi ni mtu wa greda. Anamwaga kifusi, anavutana na halmashauri juu ya malipo, na akilipua kazi ya barabara, kibao chenye jina lake kipo palepale, tunajua wa kumsema. Siku hizi jina hilo limehamia vitani. Mtu anaajiriwa na kampuni, anabeba bunduki kwenye nchi isiyo yake, halafu tunaambiwa huyo si mamluki, ni mkandarasi. Basi na rugaruga, wale wapiganaji wa mtemi Mirambo, wangeitwa watoa huduma.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, nilikuwa Kibirizi kwa fundi wangu wa simu, Mkongo wa Uvira. Aliweka chini pasi ya kuchomelea, akanionyesha video. Waromania karibu 300 waliokodiwa kulisaidia jeshi la Kongo wamepanga foleni mpakani, mabegi mgongoni, wanapekuliwa na Wanyarwanda ili wapande mabasi warudi kwao. Mabegi yale ndiyo yaliyomchoma. Watu wa Goma hawakuwa na basi.

Kisha mshahara. BBC iliiona mikataba yao: mzoefu alikuwa akilipwa dola 5,000 kwa mwezi. Askari wa Kongo alikuwa akipata kama dola 100, zikifika.

Ng'ambo hiyo ya Ziwa Tanganyika mamluki si wageni. Mwaka 1965 watu wa Mike Hoare, kamanda wa mamluki, walipigana Fizi na Baraka kwa niaba ya serikali ya Kongo, wakati mwanamapinduzi Che Guevara alikuwa amevuka kutokea hapahapa Kigoma kuwasaidia waasi. Hoare huyohuyo, mwaka 1981, alitua Shelisheli kupindua serikali, vijana wake wakijifanya watalii na bunduki zimefichwa kwenye mabegi. Mabegi tena.

Kuna wanaosema mamluki wanafanya kazi. Sikatai. Mwaka 1995, huko Sierra Leone, kampuni ya Executive Outcomes ya Afrika Kusini iliwasukuma waasi wa RUF mbali na mji mkuu, Freetown, jeshi la nchi likiwa limeshindwa. Kampuni ikaondoka mwanzoni mwa 1997. Mei mwaka huohuo jeshi lilelile likaipindua serikali. Ulinzi uliokuwapo ulikuwa wa kupanga, na mkataba ulipokwisha mpangaji alihama na kitanda chake.

Lakini kinachonikera zaidi ni hesabu. Askari wa taifa akifa, jeneza linafunikwa bendera na bungeni mtu anauliza. Wa kampuni akifa ni hasara ya kampuni. Na akiua? Walinzi wa Blackwater, kampuni ya Marekani, waliua raia 17 pale uwanja wa Nisour, Baghdad, mwaka 2007. Wanne walihukumiwa, kisha mwaka 2020 rais wa Marekani akawasamehe. Serikali haikodi bunduki tu, inakodi na mtu wa kusukumiwa lawama.

Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake akadakia: "Kaka, hizo dola elfu tano, wanachukua na Watanzania?"

Nikamwambia wameshachukua. Mwanafunzi wetu alikuwa amefungwa Urusi, Wagner, mamluki wa Kirusi, wakamwahidi pesa na uhuru. Aliuawa Ukraine mwaka 2022.

"Hela yake alipewa nani?"

Fundi alimrudishia simu. "Elfu kumi na tano," akasema, "na kioo usikiguse mpaka gundi ikauke."