Masta ya elimu ya muziki: nani aende, na akasome nini?

Vijana wengi wanaoongoza kwaya hapa Lubumbashi, Kongo, wakishapata lisansi ya ualimu, hujiuliza: nitafute masta ya elimu ya muziki, au nibaki na kwaya yangu? Nyumbani wanaambiwa kuimba hakusomewi miaka yote hiyo. Wenzao waliotangulia Nairobi au Pretoria wanawahimiza wasichelewe. Hoja za pande zote mbili ninazichukulia kwa uzito, ila jibu linamtegemea sana anayeuliza, na hilo husahaulika.

Kwanza masomo yenyewe. Masta hii haimfundishi mtu kupiga kinanda vizuri zaidi. Anayetaka vidole vyepesi aende konsavatori, chuo cha kufundishia upigaji na uimbaji. Wala si muzikolojia, ambayo kazi yake ni kuuchambua muziki wenyewe. Huku kinachoulizwa ni jinsi mtu anavyojifunza muziki, nani anamfundisha, kwa utaratibu gani, na tutajuaje kuwa ameelewa. Kwa hiyo utasoma saikolojia ya kujifunza, falsafa ya elimu, utungaji wa mitaala, upimaji na mbinu za utafiti, kisha uandike tasnifu. Utakutana na ubishi wa Bennett Reimer na David Elliott, wanafalsafa wawili wa elimu ya muziki. Reimer aliona kiini cha somo ni kumfungulia mtoto hisia za uzuri uliomo katika kazi ya muziki. Elliott akajibu kwamba muziki kwanza ni tendo, na hujifunzwa kwa kutendwa. Aliyekulia katika kwaya ya Katuba, mtaa wa mji huu, atamwelewa Elliott upesi sana.

Wanaopinga huanza na mkate, na hawakosei. Mwalimu wa shule ya serikali ambaye bado hajamekanizwa, yaani hajaingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali, hatapata mshahara kwa sababu ameongeza cheti. Tangu shule ya msingi ya serikali itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, hata ile prime, pesa ya nyongeza ambayo wazazi walimlipa mwalimu na iliyokuwa ikimshikilia, ilipigwa marufuku. Kuimba kumo katika ratiba ya shule ya msingi, lakini mtihani wa mwisho ukikaribia, saa hiyo ndiyo ya kwanza kumezwa na hesabu na Kifaransa. Basi mtu auze kiwanja aende kusomea saa isiyofundishwa?

Pingamizi la pili ndilo linalonigusa zaidi: hapa watu wanajifunza muziki tayari, tena vizuri. Nenda kwenye mazoezi ya kwaya yoyote jioni. Maestro, yaani kiongozi wa kwaya, anagonga diapasoni, kile chuma cha kutoa sauti ya kuanzia, kwenye goti, anaisogeza sikioni, anatoa sauti. Anawaimbia besi mstari wao, wanarudia. Akisikia mmoja amepanda nusu toni, hasimamishi kundi; anamsogelea na kumwimbia karibu na sikio mpaka anyooke. Alto wanangoja huku wakivumisha mstari wao kwa sauti ya chini ili usiwapotee. Kabla ya kuagana, sauti nne zimeshakutana bila kinanda, na mara nyingi nakala ya noti ni moja tu, mkononi mwa maestro. Hofu ya wanaopinga ni kwamba kijana atarudi na masta yake, atazame mazoezi hayo, aseme hawa hawajui muziki kwa sababu hawasomi noti za mistari mitano. Nimewasikia wasomi wakisema hivyo, na inaniuma. Kipimo kinachoangalia karatasi peke yake humwangusha mwimbaji mwenye sikio bora kuliko la mtahini.

Hata hivyo, hoja hiyo hiyo ukiifuata mpaka mwisho inageuka. Kama ufundi wa maestro ni elimu kamili, nani ameuandika? Tazama yaliyolipata gitaa la Katanga, eneo letu hili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, David Rycroft wa London akauandika upigaji wake noti kwa noti na kuuchambua katika jarida. Baadaye John Low, Mwingereza mwingine, alikuja Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, kujifunza kutoka kwa Mwenda na mpiga gitaa mwenzake Edouard Masengo wenyewe, akaandika. Nawashukuru wote watatu, maana bila wao mengi yangepotea. Lakini kijana wa mtaa wetu wa Kamalondo anayetaka kujua jinsi kidole gumba na cha shahada vinavyogawana kazi katika mtindo ule, maandishi yenye uchambuzi huo yako mbali naye na yameandikwa kwa Kiingereza. Na utaratibu wa kumfundisha mtoto wa miaka kumi mtindo huo, kuanzia wepesi hadi mgumu, ni kazi nyingine kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa elimu ya muziki.

Wanaotetea masta hupenda kumtaja Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, ila mara nyingi wanaanzia katikati ya habari yake. Wanaanza na mbinu za darasani, zile ishara za mikono na solfa (kuziita noti do, re, mi), ambazo nyingine alizichota kwa Waingereza, kwa John Curwen. Mwanzo wake ni mwaka 1905, alipoanza kwenda vijijini kukusanya nyimbo za wakulima, halafu akashirikiana na mtunzi mwenzake Béla Bartók. Mtaala ulikuja miaka mingi baadaye, ukiwa umesimama juu ya nyimbo hizo. Ukileta Lubumbashi ishara za mikono bila kupita vijijini na mitaani, umeleta ganda.

Jimbo hili pia lina mfano wake. Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi aliyeandika misa kwa muziki wa Katanga, alikuwa waziri wa elimu wa Katanga katika miaka ile Katanga ilipojitenga na Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wimbo wa taifa wa wakati huo aliutunga yeye. Siasa za siku zile tuziache pembeni. Ninachokishika ni kwamba mji huu umewahi kuona muziki na elimu vikikaa katika kichwa kimoja, ngazi ya juu kabisa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: asiende aliyemaliza lisansi jana. Aende aliyekwisha kufundisha miaka kadhaa, mwenye swali lililomkera mpaka akakosa jibu: mbona wavulana wangu wanaacha kuimba sauti inapovunjika? Mbona wanaojifunza kwa sikio hunishinda ninapowahamishia kwenye noti? Mtu wa namna hiyo atayatumia masomo. Asiye na swali atapewa la profesa wake.

Kuhusu mahali pa kusomea, Ulaya inang'ara mno machoni petu. Konsavatori za Ubelgiji hutoa masta yenye mwelekeo wa ualimu, kwa Kifaransa, lakini inamwandaa mtu kwa shule za kule. Kenyatta University huko Kenya, na Chuo Kikuu cha Pretoria huko Afrika Kusini, viko karibu zaidi na maswali yetu. Pretoria ndiko alikofundisha Mnigeria Meki Nzewi, aliyetetea kwa nguvu muziki wa Afrika ufundishwe kwa misingi yake wenyewe. Ugumu wake ni Kiingereza cha kuandikia tasnifu, ambacho wengi wetu hatuna.

Njia ninayoipendelea haizungumzwi sana. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu, na katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) masta ni miaka miwili. Mwalimu anaweza kujiandikisha hapo, akachagua mazoezi ya kwaya kuwa mada yake, asiache kundi lake wala familia. Kasoro yake ni kubwa: msimamizi atajua elimu, muziki huenda asiujue. Inabidi atafutwe msimamizi wa pili, kutoka Institut National des Arts, chuo cha sanaa cha Kinshasa, kwa mfano, mtu wa kusikiliza rekodi za mazoezi na kusema hapa umesikia vibaya. Nauli ya mtu huyo na muda wake vinahitaji mlipaji, na sioni kwa nini maaskofu na wachungaji wanaofaidi kwaya hizi kila Jumapili wasichangie. Wakichangia, nao wadai kitu: pamoja na tasnifu ya Kifaransa inayobaki maktaba, mwanafunzi aandike mwongozo kwa Kiswahili cha hapa, noti zake ziwe za solfa, na rekodi zake zibaki mjini ambapo maestro wengine wanaweza kuzisikiliza.