Milipuko ya redio na enzi ya kuionishwa upya: pingamizi lipi ni zito?

Wanaotilia shaka wana hoja nyepesi kueleweka: utachunguzaje enzi ya kuionishwa upya kwa haidrojeni, yaani wakati nuru ya nyota na galaksi za kwanza ilipong'oa elektroni kwenye atomu za haidrojeni, kwa milipuko ya redio (mimweko mifupi mno ya redio kutoka galaksi za mbali) ambayo bado haijanaswa kutoka enzi hiyo? Enzi hiyo ilimalizika takriban miaka bilioni 1 baada ya Mlipuko Mkuu, kwenye mhamo mwekundu wa 6 au chini kidogo (mhamo hupima jinsi mawimbi yalivyorefushwa na kutanuka kwa ulimwengu; ukiwa mkubwa, chanzo ni cha mbali na cha zamani zaidi). Darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini imenasa mlipuko wa mhamo wa 2.148. Pengo ni kubwa kweli.

Lakini hoja hiyo inapima mavuno ya leo, haipimi ubora wa mbinu. Wimbi la redio likipita kwenye gesi yenye elektroni huru, masafa ya chini huchelewa kuliko ya juu, na kila elektroni iliyo njiani huongeza ucheleweshaji, hivyo ucheleweshaji wa mlipuko hutuhesabia elektroni za njiani. Nuru ya kwasari (kiini angavu mno cha galaksi ya mbali) haina uwezo huo: humezwa kabisa hata haidrojeni isiyoionishwa ikiwa kidogo mno, hivyo hutuonyesha mwisho tu wa mabadiliko. Setilaiti ya Planck nayo ilipima kwamba takriban asilimia 5 ya mnururisho wa kale uliobaki kutoka Mlipuko Mkuu ilitawanywa na elektroni. Hiyo ni jumla tupu. Kuhusu ratiba ya mabadiliko haisemi mengi.

Pingamizi linalotajwa zaidi ni galaksi mwenyeji, yaani ile mlipuko ulimotokea, kwa kuwa gesi yake huchafua hesabu. Hapa naona watu wanasahau jambo kubwa. Kwenye mhamo wa 7, wimbi tunalolipokea lilitoka kule likiwa na masafa ya juu mara 8, na masafa ya juu hayacheleweshwi sana. Kutanuka kwa ulimwengu hurefusha muda huo wa kuchelewa, ila hakurudishi yote. Matokeo yake, mchango wa mwenyeji hugawanywa kwa 8: vizio 400 vya ucheleweshaji huonekana kama 50, mbele ya elfu kadhaa za gesi iliyo kati ya galaksi. Gesi hiyo ya zamani haipotei hivyo, maana ilikuwa imesongamana zaidi.

Linalonisumbua kwa kweli ni kupima mhamo wa galaksi hafifu kiasi hicho. Hata hivyo, kabla ya kuionishwa elektroni huru zilikuwa chache, kwa hiyo ucheleweshaji una kikomo. Milipuko mingi ya mbali ikirundikana karibu na kikomo hicho, itatueleza jambo kuhusu enzi hiyo hata kabla ya kuzijua galaksi zake.