Idhini ya mzazi, ridhaa ya mtoto

Fomu 41 za idhini ya wazazi ziliondoka shuleni Jumatatu mchana, na asubuhi ya Jumanne zikarudi zote 41. Aliyewahi kudai michango ya mitihani kwa wazazi anajua kwamba jambo hilo halitokei. Nilizipanga kwenye meza ya mwalimu mkuu nikaanza kuzikagua. Sahihi za akina baba watano wa koo tofauti zilikuwa na mkia uleule kwenye herufi ya mwisho, na karibu zote ziliandikwa kwa kalamu moja ya bluu iliyovuja wino. Baadaye niliambiwa kwamba mwanafunzi mmoja alikaa chini ya mwembe kabla ya kengele, akiwasainia wenzake. Nilikuwa mhojaji wa muda kwenye utafiti wa afya ya vijana, na kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa sawa: kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kilikuwepo, na muhuri ulikuwepo.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watafiti na waganga tunayatumia kana kwamba ni neno moja. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka, kama baba anapoidhinisha binti asafiri. Ridhaa hutoka kwa mtu mwenyewe, pale anapokuwa radhi. Mzazi anaweza kutoa idhini huku mtoto hataki hata kidogo, na mtoto anaweza kuwa radhi huku mzazi hana habari. Ugomvi wote juu ya haki za mtoto hospitalini na kwenye utafiti huanza pale hivi viwili vinapogongana, na sheria zetu hazijaamua kwa kauli moja nani asikilizwe.

Chukua upimaji wa VVU. Tanzania, chini ya sheria ya UKIMWI ya 2008, aliye chini ya miaka 18 alihitaji mzazi au mlezi ili apimwe. Novemba 2019 Bunge likashusha umri huo hadi miaka 15, na likaruhusu watu kujipima wenyewe. Uganda, kwa sheria yake ya 2014, ilikuwa imeshashuka hadi miaka 12. Kenya ilipita njia nyingine mwaka 2006: aliye chini ya miaka 18 anaweza kuridhia mwenyewe kama ni mjamzito, ameolewa au kuoa, ana mtoto, au ana mwenendo unaomweka katika hatari ya kuambukizwa.

Hoja ya waliotaka umri ushuke ni nyepesi kuielewa. Msichana wa miaka 16 mwenye wasiwasi hatamwomba baba yake ampeleke kupima, kwa sababu kuomba tu ni kukiri. Atakaa kimya mpaka augue.

Lakini wazazi waliopinga nao hawakuwa wakitetea ubabe tu. Majibu yakiwa mabaya, nani atatoa nauli ya kwenda kliniki? Nani atamkumbusha dawa? Vijana wanaomeza dawa kwa siri wana mbinu zao, na mojawapo ni kujaza pamba kwenye kopo ili vidonge visilie ndani ya begi la shule. Binti anayeishi hivyo ana haki yake mkononi, na hana mtu. Sheria ilimfungulia mlango wa maabara, ikamwachia mwenyewe njia ya kurudi nyumbani.

Halafu kuna mkanganyiko ambao muuguzi hukutana nao dirishani. Tanzania, msichana wa miaka 15 anaruhusiwa kuomba kipimo mwenyewe. Ila kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ngono na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wa mtu huyo ni ubakaji, hata akisema alikubali. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya baba. Ni kweli sheria hiyo inataka waoanao wakubali kwa hiari, lakini ukubali wa binti wa miaka 15 mbele ya wazee walioketi na mahari imeshahesabiwa ni ukubali wa namna gani? Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2016 na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha, serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019, mwezi mmoja tu kabla ya Bunge kushusha umri wa kupima.

Kwenye utafiti mambo ni magumu zaidi, kwa sababu faida mara nyingi si ya mtoto aliyekaa mbele yako. Kano, Nigeria, 1996, kampuni ya dawa ya Pfizer iliwaingiza watoto wapatao 200 kwenye jaribio la dawa yake ya Trovan katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, nusu yao wakipewa Trovan na nusu dawa nyingine. Familia zilisema hazikujua kwamba watoto wao wako kwenye jaribio. Kampuni ilisema iliwaeleza kwa mdomo. Mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na Jimbo la Kano. Mama ambaye mtoto wake ana degedege hana nafasi ya kupima maneno. Anatia dole gumba.

Kwa hiyo mzazi ni ngao. Isipokuwa pale anapokuwa yeye ndiye hatari. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulihoji vijana wa miaka 13 hadi 24 mwaka 2009, na ukakuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Ungemwambia baba mwenye nyumba kila swali utakalomuuliza bintiye, ama angekufukuza, ama angemngojea binti jioni. Katika tafiti za aina hii mzazi huelezwa kwa ujumla kwamba ni mambo ya afya na maisha ya vijana, na mhojiwa huelezwa yote faraghani. Ni kumficha mzazi, tusizunguke. Naona hapo ni sawa.

Nikibanwa niseme nasimama wapi: kwenye matibabu ambayo kuchelewa kunaua, ridhaa ya kijana anayeelewa itoshe, na mhudumu amsaidie kumpata mtu mzima mmoja wa kumwamini, awe shangazi au bibi. Kwenye utafiti viwili vyote vihitajike, isipokuwa nyumba yenyewe ikiwa ndiyo tatizo, na "sitaki" ya mtoto isipinduliwe na mtu yeyote. Mzazi akubali, mwalimu akubali, wizara ikubali. Mtoto akikataa, dodoso lifungwe.

Najua ilivyo rahisi kuandika hivyo. Siku ile tulizirudisha fomu zote 41 na kuanza upya, nyumba kwa nyumba. Zilipotimia za kweli, msichana mmoja wa darasa la sita akaingia, akaketi, akasikiliza maelezo yangu yote mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Nikikataa, mwalimu atajua?"

Nikamwambia hatajua. Mlango ulikuwa wazi, na mwalimu alikuwa barazani, amesimama, akituangalia.