Jenomu ya kuvu isikae kabatini

Suke la ngano lenye ugonjwa wa blasti hupauka kuanzia pale kuvu ilipoingia kwenda juu, na kwa mbali utadhani shamba limeanza kuiva. Ukilipukuchua, punje zimesinyaa au hazipo kabisa. Februari 2016 wakulima wa Bangladesh waliona masuke hayo kwa mara ya kwanza. Hekta zipatazo 15,000 ziliathirika, na baadhi ya mashamba yakachomwa moto ili ugonjwa usienee.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kiwe kanuni. Watafiti wa magonjwa ya mimea Tofazzal Islam, Sophien Kamoun na wenzao walichukua sampuli za mimea iliyougua shambani, wakasoma vinasaba vya kuvu humo humo ndani ya jani bila kusubiri kuiotesha maabara, kisha wakaziweka data wazi mtandaoni kabla ya kuchapisha makala ya jarida. Wataalamu wa nchi mbalimbali wakazichambua kwa wiki chache tu. Jibu: kuvu hii ni ndugu wa karibu wa zile za Amerika Kusini, ambako ugonjwa uligunduliwa mwaka 1985, Brazil.

Jibu hilo lina uzito mkubwa. Bangladesh ina blasti ya mpunga pia. Kama kuvu ingekuwa imeruka kutoka kwenye mpunga, kukagua shehena za nafaka bandarini kusingesaidia kitu. Kwa kuwa imetoka ng'ambo, ukaguzi huo ndio wa kwanza kuangaliwa.

Naelewa hofu ya mtafiti kwamba atapokwa kazi yake. Ajira yake hutegemea makala. Basi anayetumia data amtaje mwenyewe, na wafadhili wahesabu data iliyotolewa mapema kuwa kazi kamili. Lakini kuzifungia hadi wahakiki wa jarida wamalize, wakati ngano bado iko shambani, mimi naona ni kumtelekeza mkulima.

Mwaka 2018 blasti ya ngano ilionekana Zambia. Kulinganisha jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya kuvu, kulionyesha kuwa ni ukoo ule ule wa Bangladesh, ila kila nchi iliupata kivyake. Kulionyesha pia kwamba kinasaba cha ngano kiitwacho Rmg8 bado kinaizuia kuvu ya ukoo huo. Tatizo ni kwamba, katika majaribio ya maabara, kuvu ya ukoo huu imeweza kuzaana na kuvu ya blasti ya ulezi wa Afrika. Ikitokea hivyo shambani, kizazi kipya kinaweza kuikwepa Rmg8, na hilo tutaligundua mapema pale tu sampuli za kila msimu zitakaposomwa na kuwekwa wazi msimu huo huo.