Busha: Kisu ni Dakika, Kovu ni Miezi

Kila kambi ya upasuaji wa mabusha inapotangazwa Lindi au Mtwara, lawama ni zilezile: wanaume waoga, wanaona aibu, bado wanasingizia madafu. Kuna ukweli humo. Minyoo ya matende na mabusha huenezwa na mbu, dafu halina kosa. Na anayehofia nguvu za kiume aelezwe wazi kwamba korodani haikatwi: daktari humwaga maji yaliyojaa kwenye mfuko wake, kisha hukata utando unaoyazalisha. Kuyavuta kwa sindano tu ni kazi bure, utando ukibaki maji hurudi.

Ila mkulima wa Newala anayesema "labda mwakani" si lazima awe mwoga. Huenda amepiga hesabu ambayo gari la matangazo halikuipiga.

Tangazo humwambia atalala mezani muda mfupi na kurudi kwake. Kinachofuata halikitaji. Ngozi ya mfuko wa korodani imelegea, haiubani mshipa unaovuja, kwa hiyo akihangaika siku za mwanzo damu hujikusanya ndani na uvimbe unarudi. Ndiyo maana huambiwa avae chupi ya kubana, na busha kubwa huachiwa mrija siku moja au mbili. Wakati huohuo chembe nyeupe zinasafisha jeraha. Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano seli nyingine huanza kufuma nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu, mwanzoni shaghalabaghala. Wiki ya kwanza kovu halina hata asilimia 10 ya nguvu ya ngozi nzima. Wiki ya tatu juu pamefunga, maumivu yamekwisha, mtu anajiona mzima, kumbe ana asilimia 20 hadi 30 tu. Kufika 80 ni kama miezi 3, na mia haifiki tena. Hapo kwenye wiki ya tatu ndipo wengi huponzwa, maana ndipo mwenye shamba anapoona aibu kuendelea kukaa.

Na mkorosho haumsubiri. Juni hadi Agosti ni kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, mashine mgongoni. Oktoba korosho zinaanguka, na gunia la kilo 80 lazima lifike ghalani. Mvua zikianza, jembe. Ujasiri anaodaiwa ni wa kukaa wiki kadhaa bila kubeba kitu kizito, si wa kuvumilia sindano ya ganzi.

Hospitali nayo ina hoja: busha likikua, utando wa kukata huongezeka, na damu ya kupoteza pia. Tena uvimbe unaweza kuwa ngiri, yaani utumbo ulioshuka, na utumbo huo ukinasa unaua ndani ya siku chache. Kutofautisha busha na ngiri hakuna msimu. Kwenye chumba chenye giza, tochi ikiwekwa nyuma ya uvimbe, maji mara nyingi hupitisha mwanga mwekundu. Utumbo kwa kawaida huzuia. Daktari atamwomba pia akohoe, maana ngiri husukumwa na kikohozi. Kipimo hicho kifanyike wiki hii, na kama ni maji, tarehe ya kisu ipangwe baada ya kupata mtu wa kushika mashine.